Mguu Wangu, Goli Lake

Mwezi uliopita kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani ilinipeleka Etterbeek, mtaa mmoja wa Brussels, kwenye jengo linalotazamana na lile nililokulia. Mzee alikuwa bado anamalizia supu, nami nikasogea dirishani. Chini nikauona uwanja wetu wa nyuma na zile nguzo nne za kamba za nguo, zimepangwa mstari mmoja kama zamani. Rafiki yangu, nilidhani wivu ni kitu cha utotoni, kinang'oka chenyewe kama meno ya kwanza. Pale dirishani ulinirudia wote.

Tulikuwa wasichana wawili kwa Bibi: mimi na binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Vita vya Kivu vilitutawanya. Mama yake alichukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi akapelekwa Australia; sisi tukafika Brussels na Bibi, miaka ya elfu mbili ikiwa imeanza tu. Jumamosi ilikuwa siku ya sombe. Bibi hakutaka kusikia habari za sombe ya mashine, kwa hiyo tulitwanga majani ya muhogo ghorofani, mchi ukitikisa sakafu, mpaka jirani wa chini akapanda kugonga mlango.

Alikuwa mwanamke mrefu, Mwaustralia, mfasiri kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya. Bibi hakungoja alalamike.

"Karibu, madame. Ikaa kwanza, ukule."

Alikula mpaka mawese yakamdondokea kwenye blauzi, kisha akaomba kitu kimoja tu: kinu kishushwe chini, nje. Tukakishusha. Jumamosi iliyofuata naye akashuka, amebeba mpira uliochongoka pande mbili kama papai. Kwao, alisema, mpira huu unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na goli lina nguzo nne zisizo na mti wa juu. Ukipitisha kati ya zile mbili za katikati, umefunga. Akatuonyesha nguzo za kamba za nguo.

Niseme bila aibu: mimi ndiye niliyekuwa najua. Mpira ulitoka mguuni kwangu umenyooka, ukapita katikati, ukagonga ukuta. Wa binamu yangu uliangukia kwenye shuka za watu. Alichokuwa nacho yeye ni mapafu. Alikimbia mpaka Bibi akachoka kumtazama. Lakini Madame wa chini aligusa goti langu, si lake, akasema, "Huu ndio mguu."

Kisha karatasi za binamu yangu za kwenda Australia zikatoka. Mama yake alikuwa amempata. Tulikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi ya safari Madame wa chini alipanda na ule mpira, nikanyoosha mikono. Akanipita, akampa yeye.

"Anakokwenda ndiko unakochezwa," aliniambia baadaye, aliponiona nimenuna.

Kwenye uwanja wa ndege sikumkumbatia. Nilisema tumbo linaniuma.

Miaka ikaenda. Madame wa chini akahama. Mimi nikasomea kazi ya kuhudumia wazee, na kila Jumapili Bibi aliweka simu kwa sauti kubwa tusikie wote: binamu ameingia timu ya mtaa, binamu amechaguliwa timu ya mji. Kisha kule wakaanzisha ligi ya wanawake ya kulipwa, naye akasajiliwa. Picha yake na jezi isiyo na mikono ikapanda ukutani sebuleni. Wageni wa maombi waliitazama, wakageuka kwangu: "Na wewe, alors, unafanyaka nini?"

Mechi yake ya kwanza tuliitazama asubuhi kabla ya ibada, chai na mikate mezani. Alikimbia vizuri. Akapata nafasi mbele ya goli, akapiga, mpira ukaenda kando kabisa. Watu wote wakashika vichwa. Mimi nilisikia utamu mdomoni, na haukuwa wa chai.

Alikosa tena mechi ya pili. Jumatatu akanipigia mimi, si Bibi.

"Cousine, kocha anasema ninaangusha mupira mubaya. Wewe njo ulikuwa unapiga muzuri. Ulikuwa unaiachilia namna gani?"

Nilikumbuka kila kitu. Mpira hautupwi, unaachiwa. Mkono wa upande wa mguu unaopiga unausindikiza mpaka karibu na goti.

"Sikumbuke," nikasema. "Tulikuwa batoto."

Wiki hiyo akaachwa nje ya timu, na akabaki nje mpaka msimu ulipoisha. Nilidhani nitafurahi. Badala yake kila Jumapili Bibi alipouliza, "Bon, mutoto wetu iko benchi tena?" niliurudisha mkate sahanini.

Siku moja sikuvumilia. Nilikuwa nimetoka kwenye maduka ya Wakongo ya Porte de Namur kumnunulia Bibi chikwange, ule muhogo uliofungwa kwa majani. Nikaketi kwenye kibaraza cha uwanja wetu, nikampigia binamu yangu kwa video.

"Nilikudanganya. Ninakumbuka."

Naye akajibu: "Nilijua. Wewe hausahauke kitu. Donc, nionyeshe."

Sikuwa na mpira. Nikaegemeza simu ukutani, nikachukua chikwange, nikaiachilia, nikaipiga. Ikapita katikati ya nguzo, ikapasuka ukutani. Bibi akafungua dirisha juu.

"Weye! Chakula ya bantu!"

Binamu yangu alicheka mpaka akakohoa. "Rudilia," akasema. Nikarudia kwa chikwange ya pili.

Msimu uliofuata alirudi uwanjani, na mechi ya tatu akafunga. Mkono wake ulishuka na mpira mpaka gotini. Sebule nzima ilisimama kupiga vigelegele. Mimi nilibaki nimekaa, nimekunja ngumi. Mtangazaji alilitaja jina lake mara tatu. Bibi alikaa karibu yangu, akaniegemea kwa bega.

"Ule muguu ninaujua," alisema taratibu.

Bibi alituacha miaka miwili baadaye. Fleti wamepangisha watu wengine. Binamu yangu ameacha kucheza, ana watoto, na simu zetu zimekuwa za sikukuu tu. Madame wa chini sijui yuko wapi. Bado naona wivu, sikufichi, ila siku hizi ni wivu usio na nguvu. Hapa Brussels hakuna tena mtu aliyetuona sote wawili, wa kusema nani alikuwa zaidi.