Fundi Aliyelipwa Kabla ya Paa

Mama alikuwa karani wa serikali mjini Kajiado, na nyumba tuliyokulia ilikuwa nyumba ya kazi. Alipopokea barua ya kustaafu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alipewa miezi mitatu ahame. Alikuwa na ploti Kitengela, yenye chumba kimoja cha mawe alichokijenga kidogo kidogo katika miaka ya tisini. Tulikubaliana tuongeze vyumba viwili na kuviezeka vyote kwa paa moja. Vifaa alikwisha kununua. Fedha za ufundi, yaani akiba yake yote ya chama cha akina mama, alinikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu mpya wa sekondari na nilipanga chumba si mbali na ploti hiyo.

"Baba," aliniambia, kama alivyozoea kuniita, "fundi mpe theluthi. Theluthi ingine kuta zikipita madirisha. Ya mwisho, paa ikishakaa. Usimpe yote, hata akilia."

Fundi hakulia. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, aliyetoka magharibi kama sisi, na alikuja na vibarua wawili. Siku ya kwanza aliomba theluthi ileile aliyoitaja Mama. Lakini mimi nilikuwa nimetoka chuoni na imani ambayo sikuwa nimeijaribu popote: kwamba kuzuia ujira wa mtu ni kumwambia usoni kuwa yeye ni mwizi ambaye bado hajapata nafasi. Nilimhesabia fedha zote, mbele ya vibarua wake, ili nao washuhudie.

"Mwalimu, hii ni mingi."

"Ni haki yako yote, mzee. Ninakuamini."

Kibarua mmoja alicheka. "Fundi, leo umepewa ya kwenda nyumbani!" Mwenzake alimtazama, naye akakatiza kicheko chake. Fundi alizikunja zile noti polepole, akazitia kifuani. Hakunishukuru. Nilidhani ni staha.

Wiki ile kuta zilipanda hadi chini ya madirisha. Wiki iliyofuata nilipita baada ya masomo, sikumkuta mtu. Siku ya pili pia. Jumamosi nilifika asubuhi, na ukungu wa Julai ulikuwa bado umelala juu ya mbuga. Punda milia watatu walisimama kati ya vigingi vya ploti jirani kama wanunuzi wanaosubiri kuonyeshwa mipaka. Eneo letu lilikuwa kimya. Lakini ukuta ulikuwa umeongezeka safu moja ya mawe. Nilipobonyeza saruji, kidole kilizama. Uzi wa kunyooshea ulikuwa umekazwa kutoka pembe hadi pembe, ukitetemeka kidogo kwa upepo. Katika udongo mweusi kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, peku, zikizunguka nyumba mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Mama mmoja wa Kimaasai aliyeuza maziwa aliishi upande wa pili wa ua.

"Takwenya," nilimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia.

"Umemwona fundi wangu?"

"Mimi sijaona mtu. Nasikia nyundo tu, saa ile ng'ombe bado imelala. Nikikuja kuangalia, inanyamaza." Alinipima kwa macho, kisha akacheka. "Si wewe ndio umesoma? Uliza ukuta."

Niliuliza kalenda. Mama alibakiza wiki tano, na kwa safu moja ya mawe kila siku chache angehamia katika nyumba isiyo na paa. Wala sikuwa na shilingi ya kumtafutia fundi mwingine. Nilianza kuuchukia ule ukuta uliojipandisha kama kitu kinachoota.

Jumatatu iliyofuata nilitoka alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia kabla ya kuona: pumzi ya mtu, mkwaruzo wa mwiko, kisha jiwe likiwekwa kwa upole. Niliposogea, kazi ilisita. Fundi alikuwa juu ya jukwaa la miti, peke yake, ameukumbatia ukuta kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Mzee, ni mimi."

"Usinikaribie, mwalimu. Wacha nishuke kwanza."

Alishuka akitafuta kila mti kwa wayo. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza walipo vibarua.

"Walienda. Hawawezi panda jukwaa na mimi. Mtu analipwa yote siku mbili tu, mwalimu: siku ya kufukuzwa, ama siku amekufa na bibi yake anapelekewa. Wanasema kuna fundi alilipwa hivi huko Kiserian. Paa hakuiona. Alianguka."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi ni mtu wa kanisa." Aliutazama mguu wake. "Lakini nikipanda, huu unatetemeka. Ndio nakuja kabla watu waamke. Wakiniona hapo juu pekee yangu, wananiangalia kama maiti."

"Kwa nini hukunirudishia fedha?"

"Ulisema unaniamini. Ningerudisha vipi, ionekane nimekataa kazi yako?"

Alitoa kifuani mfuko wa plastiki. Fedha zote zilikuwamo, zimekunjwa kama nilivyomwona akizikunja. Nyumbani kwake walikuwa wakila kwa mkopo wa duka.

Sikuwahi kuona aibu kama ile. Niliyemkweza kwa heshima yangu alikuwa akifa njaa akiwa na ujira wake kifuani. Kesho yake aliwaita vibarua, na mbele yao nikachukua theluthi mbili kutoka mkononi mwake. Nilizihesabu haraka, kana kwamba ninamnyang'anya. Yule aliyecheka siku ya kwanza alisema, "Sasa tunamdai mwalimu. Tupande." Nyundo zikaanza kusikika mchana, kama katika ploti nyingine zote.

Kuta zilipopita madirisha nilimlipa theluthi ya pili. Mabati yalipigwa siku nne kabla ya Mama kurudisha funguo za serikali. Alipofika alikagua kila pembe, kisha mwenyewe akamhesabia fundi theluthi ya mwisho. Fundi aliipokea, akaondoa noti ya shilingi mia, akamrudishia.

"Hii nitakujia, mama."

Hakuja. Miaka kadhaa baadaye nilimwona Kajiado siku ya soko la mifugo, ng'ambo ya barabara ya Namanga, mwenye mvi na afya njema. Ile mia ilikuwa ikinisumbua. Haki ya mtu ni haki hata ikiwa ndogo. Nilimwita, nikatia mkono mfukoni. Aliutazama mkono ule, si uso wangu. Akanipungia kwa furaha, kisha akageuka na kuingia haraka katikati ya ng'ombe, hadi nisiweze tena kumtofautisha na vumbi.