Barua Yenye Kiswahili Kilichonyooka

Kokushubila alikuwa mchoyo wa kitu kimoja tu: majina ya watu. Chakula angekupa, nauli angekupa, lakini umuulize nani kaingia chumba namba tatu jana, angekutazama mpaka ujione mjinga. Miaka kumi na tisa alitunza mafaili ya zahanati ya Daktari Muntazir kule Kibamba, na hakuna mke aliyejua ya mumewe kupitia kwake, wala mama mkwe aliyejua ya mkwewe. Wambeya wa mtaa walishamkatia tamaa.

Na majina yenyewe hayakuwa ya kuchezea. Watu walitoka Mabibo, walitoka Vingunguti, wakapita zahanati chungu nzima njiani, ili wachukulie dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mahali wasipojulikana. Walimfuata yeye, Mama Koku, kwa sababu ya mdomo wake.

Kompyuta zilipoletwa hakuzikimbia, kama watu wa umri wake wanavyodhaniwa. Brightson, fundi wa mitambo hiyo, alimweleza kwamba wezi wa siku hizi hawavunji mlango. Wanatuma barua pepe. Ukifungua walichoambatanisha, wameingia, wanafunga mafaili yote na kudai fedha ndipo wayafungue. Koku akawa mkali kuliko mwalimu wake. Kabla ya kuja Dar aliwahi kufundisha Kiswahili shule ya msingi huko Muleba, basi kila Jumatatu akawa anawapa wauguzi kipimo chake mwenyewe.

"Angalieni lugha," aliwaambia. "Mwizi hajui ngeli. Akikuandikia 'kompyuta chako kimeharibika,' futa. Usijiulize mara mbili."

Wakafuta, miaka minne, huku wakicheka. Walifuta za "mpendwa mteja wewe" na za "bonyeza hapo kwa haraka sana". Kipimo kilikuwa kizuri, hilo lazima tumpe. Ila hakuna aliyemwambia kwamba wezi nao wanasoma, na kwamba siku hizi wana mashine za kuwaandikia.

Barua ilifika Jumanne, saa nne asubuhi. "Shikamoo Mama, pole na majukumu. Mimi ni muuguzi mwenzenu. Nimempokea mgonjwa aliyehamia kwetu kutoka kwenu, ila barua yake ya uhamisho haisomeki vizuri. Nimeiambatanisha. Naomba unisaidie kuihakiki, Mama yangu, maana amesubiri tangu alfajiri." Ngeli zote zilikaa mahali pake. Hata mikato. Koku aliandika marahaba kwanza, kwa kuwa shikamoo haiachwi hewani, halafu akafungua. Ukatokea ukurasa mtupu. Akamwandikia tena binti wa watu, akimwomba aitume upya.

Alhamisi kompyuta zote zilikuwa zimefungwa. Brightson hakutetereka, alikuwa na nakala ya kila kitu kwenye diski aliyoiweka kando, isiyounganishwa popote. Jumamosi mchana mfumo ulikuwa umerudi. Daktari Muntazir akaagiza biriani ya watu wote, na Koku, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu siku ile, akalia mbele za watu bila aibu.

Jumatatu ukaja ujumbe wa pili. Safari hii hawakufunga chochote. Walieleza, kwa adabu ile ile, kwamba kabla ya kufunga walikuwa wamenakili kila faili. Waliweka majina kumi kama mfano, na dawa anazomeza kila mmoja. Walipwe kabla ya Ijumaa, la sivyo yote elfu moja na mia mbili yatawekwa hadharani.

"Rudisha kama ulivyorudisha juzi," Koku alimwambia Brightson.

"Mama, mie nimerudisha vyetu. Vya kwao siwezi kuvifuata. Nakala inasaidia mtu akikufungia. Akishachukua, kachukua."

"Tukiwalipa?"

Daktari Muntazir alikuwa amekaa na viatu amevua, uso umemsawijika. "Polisi tumewapa taarifa, wamesema tusilipe. Na hata tukilipa, Mama Koku, nani atatuapia kwamba wamefuta? Mwezi ujao watataka tena."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunawapigia wagonjwa. Wasikie kwetu kwanza."

Hakuna aliyeuliza nani atapiga. Kesho yake Koku alichukua orodha na simu ya ofisi, akajifungia kwenye chumba cha mafaili. Aliona haya, haya ya mtu mzima aliyevuliwa nguo sokoni. Alianza na Demetria, mwalimu wa Vingunguti, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wale kumi. Sauti za wanafunzi zilisikika nyuma yake.

"Mwalimu, uko peke yako?"

"Sema tu, mama."

Koku akasema yote, bila kupamba: barua aliyoifungua yeye, majina yaliyoibwa, Ijumaa. Sauti za wanafunzi zikafifia. Demetria alikuwa ametoka nje.

"Ijumaa ipi?" aliuliza. "Mume wangu kapata meseji tangu jana jioni. Mkuu wa shule kapata leo asubuhi. Jina langu, dawa zangu, na mwaka nilioanza."

Wezi hawakuwa wamesubiri hata siku moja.

"Unajua nilidhani nani?" Demetria aliendelea. "Nilidhani ni wewe umenisema. Usiku kucha nimekuapiza, mama, maana ni wewe tu uliyekuwa unajua."

"Mwanangu..."

"Mie nilijiandikisha kwa jina la uongo. Rehema. Mlipoleta kompyuta ukanikalisha hapo kwenye benchi, ukaniambia niweke jina langu la kweli, kompyuta haina mdomo. Nikakubali kwa sababu ni wewe."

Simu ikakatwa. Koku akashusha kidole kwenye orodha, kwenye jina la pili.