Siku Nne Bila Neno

Mtu akikwambia mafungo ya kimya yanatuliza roho, muulize alikwenda na nani. Mimi nilikwenda na kaka yangu.

Kaka ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na mtaa mzima unamwita Nyundo. Mwezi ule alimrushia mkewe stuli. Ilimpita sikioni ikabandua chokaa ukutani, chokaa ikaangukia kwenye sufuria. Wifi yangu hakulia. Alizima jiko, akafunga nguo zake, na mlangoni akatoa sharti: Nyundo akakae siku sita kwenye nyumba ya mafungo, asiseme neno, asimguse mtu kwa hasira. Akimaliza, mke anarudi. Akishindwa, ndoa imekwisha. Nami niende niwe shahidi, kwa sababu wifi aliniamini kuliko alivyomwamini mumewe.

"Dada, kunyamaza tu?" kaka aliniambia getini. "Hiyo nayo kazi?"

Ni kazi. Simu zinawekwa kapuni. Msimamizi, mama mmoja mwembamba mwenye kengele, anakupa godoro, ndoo na ufagio. Hakuna kusalimiana, hata kwa macho. Siku ya kwanza unalala fofofo. Siku ya pili kila uliyewahi kumchukia anaingia chumbani na kukaa kitandani kwako. Siku ya tatu unawasikia watu wakitafuna, unawatakia mabaya. Mezani kaka alikaa mkabala na mwalimu mstaafu aliyekuwa akivuta chai kwa mlio mrefu, kikombe kizima, asubuhi na jioni. Nilimwona kaka akikunja kijiko mpaka kikawa pete. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshamnyonga yule mwalimu mara kumi kichwani mwangu.

Siku ya nne, saa ya kazi, tulikuwa uani tunapasua kuni. Mwanamume mmoja mnene alishika shoka. Mwalimu aliinama mbele yake akiokota vipande. Mimi nilikuwa nafagia. Kaka aliacha kupanga kuni akainua kichwa. Chuma cha shoka kilikuwa kinalia mara mbili kwa kila pigo, mlio mkubwa na mwingine mdogo nyuma yake, na mtu aliyegonga mabati miaka ishirini alijua maana yake: kimelegea kwenye mpini.

Alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akaufunga, akaruka, akampiga mwalimu ngumi ya taya. Mzee akaanguka ubavu. Papo hapo chuma kikachomoka, kikapita pale kilipokuwa kichwa chake, kikazama kwenye mlango wa stoo.

Hapo angeweza kuacha. Sote tulikuwa tunautazama mlango. Kaka hakuutazama. Alipiga magoti, akamkaba mwalimu ukosi wa shati, akampiga tena, mdomoni, kwa hasira yote ya siku nne. Meno mawili yalitoka. Damu ilitapakaa kwenye vibanzi vya kuni, na watu kumi na wawili tukasimama bila hata mmoja kupiga kelele, maana tulikatazwa. Mwalimu naye alilia bila sauti, ameziba mdomo kwa viganja. Mpaka leo najichukia kwa kusimama pale.

Wifi aliitwa, akafika mchana. Msimamizi alimweleza kwamba mumewe ameokoa maisha ya mtu, na ni kweli, akamwonyesha na mlango. Wifi alikaa kwenye benchi karibu na kaka, akaushika mkono wake uliovimba.

"Kwa nini hukumpigia kelele tu akasogea?"

"Ningesema, usingerudi."

Wifi alitokwa na machozi. Kisha akanigeukia.

"Wifi, wewe ulikuwepo. Alimpiga ngumi ngapi?"

Kaka aliniangalia. Tumenyonya ziwa moja. Ningesema moja, mkewe angelala nyumbani siku ileile, nami nilitamani sana kuisema.

"Mbili."

"Ya pili, chuma kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa kimeshafika mlangoni."

Wifi aliuachia ule mkono. Aliuliza mwalimu amelazwa chumba gani, akaenda kumwomba radhi. Alipotoka huko alipita getini bila kutuangalia.