Bravo ya machungwa

Juma hii nilisindikiza ndugu yangu ku lopitali, mu chumba ya mazoezi ya viungo. Tulikuta pale mama moja wa Rugenge. Balimupasua mifupa ya shingo, na tangu ile siku vidole vyake havikamate kitu. Mukwe wake, bibi ya mutoto wake, njo anamufungaka kitenge kila asubui, na ile haya inamutesa kupita maumivu.

Mugeni moja wa projet ya kusaidia bagonjwa alimuvalisha lunette, miwani kubwa ya mashini yenye inaonyesha picha mbele ya macho. Ku televizio tuliona kile mama anaona: mikono laini inachuma machungwa. Mikono yake mwenyewe, juu ya magoti, ilikuwa inatikisika kidogo tu.

Maandishi yakatokea ku televizio. Minye nilijifunza kusoma na mvi ku kichwa, basi nikasoma na sauti kubwa: "Bravo."

"Banaambia nani?" mama akauliza. "Minye, ao ile mikono ya mule?"

"Weye, mama," mugeni akajibu.

"Basi baba, unitilie kitenge mule ndani, nijifunze kufunga."

"Mule iko machungwa tu. Njo vile balitengeneza." Akapiga foto, akafunga lunette mu valizi, akaenda Kavimvira kuvuka mupaka.

Mama akasimama, kitenge ikalegea. Bibi ya mutoto wake akapiga magoti kumufunga. Mama akainua mikono kama mutoto mudogo, macho ku ukuta.

Miaka yote nilitamani kusoma kila neno ninaona. Ile bravo, afazali ningeisoma kimya.