Kabuti la Sufu Katika Joto la Dar

Usiku ule nililala na khanga moja tu mwilini, feni ikizunguka juu ya kichwa changu. Ilikuwa Julai, mwezi ambao watu wa Dar es Salaam huvaa sweta asubuhi na kulalamikia baridi. Mimi niliyezaliwa Makete, huko milimani ambako maji ya kuku huganda kwenye bakuli, huwa nawacheka. Nilikuwa nimechoka na kusahihisha madaftari ya darasa la sita, wala sikuwa namuwaza baba. Baba alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu kaburini.

Nikasikia mlango wa chumba unafunguliwa taratibu, kama alivyozoea kuufungua wa nyumbani, akiuinua kidogo usikwaruze sakafu. Akaingia. Alikuwa amevaa ile suti ya kijivu tuliyomzika nayo, suti nyepesi tuliyoinunua kwa haraka Makambako, na soksi bila viatu. Mabegani alikuwa na sakitu, ile barafu nyembamba inayounguza majani ya viazi alfajiri. Chumba kilikuwa na joto, lakini ile sakitu haikuyeyuka.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, Eda."

Haniangalii. Anaangalia kabati langu la nguo. Nami najua anatafuta nini, na moyo unanienda mbio kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Inabidi niseme mle kabatini mlikuwa na nini. Baba alikuwa mkulima wa viazi na mpasua mbao. Mwaka ambao nilikuwa sina meno ya mbele, alikwenda mnadani Njombe kuuza viazi, akarudi na kabuti la jeshi la sufu nzito, rangi ya majani makavu. Lilitoka kwenye belo la mitumba, mali ya askari wa nchi fulani ya baridi huko Ulaya ambao sijui kama walikufa au walipewa mapya. Lilimfika chini ya magoti. Vifungo vyake vilikuwa vya shaba vyenye nembo, na mtendaji wa kijiji akamwonya kwamba raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi. Basi mama akavikata vyote, akashona vifungo vingine alivyoviokoteza, kila kimoja na rangi yake.

Kilabuni wakamtania kwamba yeye ni jeshi la mtu mmoja, tena lisilo na cheo. Hakujali. Alikuwa akisema pamba ikilowa inakunyonya joto, lakini sufu hata ikilowa chapachapa bado inakutunza. Wenzake walivaa majaketi ya nailoni wakatetemeka kwenye ukungu. Yeye alishika msumeno tangu asubuhi, kabuti likifuka mvuke mgongoni. Jioni alilitundika karibu na moto, mama akaliviringisha na kulipeleka chumbani. Hatukuuliza kwa nini halibaki msumarini kama nguo nyingine za kazi.

Alipokufa, siku ya kumaliza matanga nguo zake ziligawiwa. Kwetu nguo za mwanaume huenda kwa wanaume wa ukoo. Suruali na mashati vilipita kwa amani, na gambuti zake pia, ingawa moja ilikuwa imetoboka. Ugomvi ulikuja kwenye kabuti. Baba Mdogo alisema ni lake, maana ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lao. Festo, mdogo wangu, akasema mwana yupo, ndugu anarithije? Sauti zikapanda. Mimi ni mtoto wa kwanza, tena mwalimu, na watu wa namna yangu hatuchelewi kutoa hukumu. Nikasimama, nikasema kabuti nitalichukua mimi liwe kumbukumbu, lisije likavunja ukoo.

Wazee wakashusha pumzi. Nikarudi nalo Dar ndani ya mfuko wa salfeti, nikalitundika kabatini, nikatia vidonge vya kufukuza nondo katika kila mfuko. Kabuti la sufu, Dar es Salaam, mahali ambapo hata shuka ni mzigo. Nilijiona nina busara sana.

"Fungua," baba ananiambia.

Nafungua kabati. Ndani hakuna nguo hata moja. Kuna uwanja wetu wa nyumbani, na watu wamekaa kwenye mabenchi, na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jiko. Ni siku ile ile ya matanga. Baba Mdogo anasema, Festo anajibu, midomo yao inacheza lakini sauti haitoki. Baba ananipita, anakwenda kukaa mwisho wa benchi kama mgeni aliyechelewa. Hakuna anayemwona. Anayegawa nguo anainua suruali ya kaki, na baba anatikisa kichwa kukubali, kama vile ni suruali ya mtu mwingine.

Kisha namwona mwanamke akisimama katikati ya watu na kidole juu. Ni mimi. Najiona jinsi nilivyovaa, jinsi nilivyoibana sauti yangu ya darasani. Nilitamani mtu amwambie yule mwanamke akae chini.

Baba akanigusa mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba la alfajiri.

"Usimwangalie huyo," akasema. "Angalia mlangoni."

Nikaangalia. Mama amekaa chini pamoja na wanawake, amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi, magoti ameyakunja. Hawaangalii wanaogombana. Analiangalia kabuti, lililokuwa limelazwa juu ya benchi. Mkono wake unatoka kidogo chini ya khanga, unaelekea mbele, halafu unarudi. Sijui kama jambo hilo lilitokea kweli siku ile. Siku ile hakuna aliyekuwa akimtazama mama.

Nikataka kumwendea, lakini uwanja umekuwa njia ya kupandia kwetu, ile inayotoka barabarani, na mimi napanda nayo nimebeba kabuti mikononi. Limelowa. Kila hatua linazidi uzito. Baba yuko mbele yangu na soksi zake, anatembea juu ya sakitu na haachi alama. Anatetemeka, naona mabega yake yanavyocheza ndani ya ile suti ya bei nafuu tuliyompa.

"Baba, simama ulivae," nikamwita. "Unatetemeka."

Hakugeuka. "Siyo mimi ninayetetemeka," akasema.

Nikakaza mwendo nimfikie, na njia ikaishia ndani ya chumba cha wazazi wangu. Sikuwa nimeingia chumba kile tangu utotoni. Kwetu mtoto akishakua haingii wanakolala wazazi wake, hata kufagia tu. Kwa hiyo nilisimama pale na kabuti langu kama mwizi. Kulikuwa na taa ya kibatari na kitanda cha mbao alichokitengeneza baba mwenyewe. Mama amelala upande wa ukutani, amejikunja mpaka magoti yamefika kidevuni. Amejifunika lile blanketi la nailoni lenye picha ya simba nililomtumia kwa basi, ambalo alilipokea na kulishukuru kwa maneno mengi. Anakohoa. Nusu ya pili ya kitanda ni tupu, imenyooka, na mto upo mahali pake.

Baba anasimama upande wake. Halali. Anainama, anachomeka pembe ya blanketi chini ya godoro, linateleza. Anachomeka tena, linateleza. Baba aliyekuwa akipasua gogo kutwa nzima hawezi kumfunika mke wake.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Sikujua kama ulitaka kabuti lako libaki…"

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nani alikuambia lilikuwa langu?" akaniuliza. "Mchana nilikuwa naazima tu."

Nikanyoosha mikono nimpe, nikaona mikono haina kitu.

Nikaamka. Feni inazunguka, khanga imelowa jasho, kunguru wameanza kelele zao juu ya bati la jirani. Nikaenda moja kwa moja kwenye kabati, nikalitoa kabuti, nikakaa nalo kitandani. Nikatia uso kwenye ukosi wake nikitafuta harufu ya baba, ile ya moshi na utomvu wa msindano, miti aliyokuwa akiipasua mbao. Haikuwepo. Kulikuwa na harufu ya vidonge vya nondo peke yake. Nikalia sana, na sitadanganya kwamba nilimlilia baba tu. Nilikililia kile kikohozi cha mama ambacho nilikuwa nakisikia kwenye simu tangu Juni, nami nikimjibu kila mara, "Jifunike vizuri, mama," kisha nakata simu nikaendelee na shughuli zangu.

Kulipopambazuka nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivi? Kwema huko?"

"Kwema. Mama, lile kabuti la baba. Mlikuwa mnajifunika usiku?"

 Nilisikia anakohoa, akiiweka simu mbali na mdomo ili nisisikie.

"Tangu lilipokuja," akasema. "Mablanketi yetu mlikuwa mnafunikwa ninyi watoto. Sisi tulikuwa na lile."

"Sasa kwa nini hukusema siku ile ya matanga?"

"Niseme nini mbele ya wakwe zangu, Eda? Mjane adai nguo ya marehemu? Wangesema maiti haijapoa nimeshaanza kugombea mali." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize."

 Sisi watoto wake, tuliowasomesha watoto wa wenzetu, tuliojenga kaburi la vigae, na hakuna aliyemuuliza mama yake analala na nini. Kama kawaida yangu nikaanza kupanga mambo. Nikamwambia leo leo nitalipakia kwenye basi, Festo atalipokea stendi, na Baba Mdogo nitampigia mwenyewe nimweleze, akitaka kununa anune.

"Usilitume," mama akasema.

Nilidhani amekataa. Nilidhani amenikasirikia hatimaye, na moyoni nikaona ni haki yake. Nikabaki nimeshika simu kwa mkono mmoja na kabuti kwa mkono mwingine.

"Lile kabuti ni pana," akaendelea, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kazi ya nyumbani. "Lilikuwa linatutosha wawili, mmoja huku, mmoja huku. Ukijifunika peke yako upepo unaingia ule upande mwingine, unalala unatetemeka vilevile. Njoo nalo mwenyewe, mwanangu. Njoo ulale hapa upande wa baba yako mpaka baridi ipungue."

Nikamwambia nakuja.