Eshantiyo ya Bahari

Mume wangu hununua mawe ya shaba na kobalti kwa wachimbaji, na kazi hiyo imemfundisha kwamba muuza gunia haulizwi habari za gunia. Anaulizwa eshantiyo, yaani lile jiwe dogo linalochukuliwa juu ya gunia ili mashini ilipime. Jiwe likisema vizuri, gunia zima limesema vizuri, hata kama chini ni udongo mtupu. Depo lake liko kando ya barabara, nje kidogo ya Kolwezi, na kutwa anagombana na watu walioweka jiwe zuri juu. Anawaita wezi. Kisha anapakia lori kwenda kuwauzia wakubwa zaidi yake, na yeye anaweka jiwe zuri juu.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani mume wangu alikuwa na wazimu. Alikuwa kazini tu.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama yangu. Mama alifundisha shule ya msingi kule Lubudi mpaka akastaafu, na kila mwaka aliwachorea watoto bahari ubaoni kwa chaki ya buluu. Chaki ya buluu ilipokosekana, na ilikosekana mara nyingi, alichora bahari nyeupe akawaambia waiwazie buluu. Hakukosekana darasani mtoto mmoja wa mdomo mrefu wa kumuuliza, "Mama mwalimu, we ulionaka bahari?" Naye alijibu, "Bado." Alijibu hivyo mpaka nywele zake zikawa na rangi ya ile bahari ya chaki nyeupe. Bei ya kobalti ilipopanda, mume wangu akatangaza kwamba tutampeleka Unguja akaione kwa macho yake. Alinitangazia mimi, ingawa mama alikuwa ameketi pale pale.

Hiyo ndiyo bukwe. Kwetu sisi wenye asili ya kaskazini mwa Katanga, mume na mama mkwe wake hawazoeani. Hampi mkono, hali naye meza moja, hamtazami usoni, na akiwa na neno anampitishia mkewe. Tangu niolewe nimekuwa simu ya hawa wawili.

"Umuambie mama, tutaenda Zanzibar," akasema mume wangu.

"Umuambie bwana yako, aksanti sana," akasema mama.

Walikuwa wametenganishwa na kiti kimoja, na kiti hicho nilikikalia mimi. Hata alipokata tiketi za ndege alihakikisha yeye atakaa mbele kabisa na sisi nyuma kabisa, karibu na choo, kwa heshima.

Lakini ulikuwa wakati wa korona, na ndege haikumchukua mtu bila cheti cha kipimo kilichofanywa siku chache kabla ya safari. Hapo mume wangu alianza kuhangaika. Yeye hukohoa na kupiga chafya mwaka mzima kwa sababu ya vumbi la depo. Alijua kwamba si mgonjwa, ila alijua pia mashini zilivyo, maana yeye mwenyewe ana moja na anajua inavyosema.

"Mashini njo inaamua, si jiwe," aliniambia. "Na hii pua yangu iko na udongo mingi."

Nikamwambia pua si gunia. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiyejua biashara.

Muuguzi alikuja kwetu, mtaa wa Dilala, asubuhi, mtu mzima, mpole, na sanduku lake la vijiti. Mume wangu alimvuta kwanza uani, wakanong'onezana. Nilipoona mkono unaingia mfukoni na kutoka sikushtuka, kwa sababu huku hata fundi bomba hunong'onezewa. Nikapimwa mimi kwanza. Kijiti kilipanda puani mpaka nikamkumbuka marehemu babu yangu. Kisha zamu ya mama, mwanamke ambaye maisha yangu yote sijamwona na mafua. Alikaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Kijiti kikaingia tundu la kulia, kikatoka. Kikaja cha pili, tundu la kushoto.

"Huyu hukumupima mara mbili," mama akasema, akinionyesha mimi.

"Ni juu ya bazee, mama," muuguzi akajibu haraka. "Bazee tunapimaka mara mbili."

Nikamwona anakitia kijiti cha pili kwenye chupa, na juu ya chupa limeandikwa jina la mume wangu. Nikageuka kumtafuta mwenye jina. Alikuwa amesimama mlangoni, ametupa mgongo, anatazama barabara, kwa sababu si adabu mtu kumwona mama mkwe wake akichokolewa pua.

Nilitaka kupiga kelele, lakini ningesema nini? Mama, huyu mkweo asiyethubutu kukupa mkono amechukua kamasi zako asafiri nazo mpaka Unguja? Wangeitwa wazee wa pande zote mbili, na mbuzi angechinjwa. Nikamfuata mume wangu jikoni.

"Umekamata pua ya mama yangu?"

"Ni eshantiyo ya muzuri," akasema, wala hakuona haya. "Mama haagonjwake."

Niliona hasira na kicheko vinanijia pamoja, na kicheko ndicho kilichoniudhi zaidi. Kwa akili yake, alikuwa amempa mama heshima kubwa kuliko zote.

Majibu yakaja kwa simu. Mimi negatif. Mama pozitif. Na mume wangu, aliyekuwa mzima kama ng'ombe, pozitif.

Aliketi chini polepole. Maishani mwake magunia yamemdanganya mara nyingi, lakini jiwe la juu lilikuwa halijawahi kumfanyia hivyo.

Mama hakuwa na homa wala kikohozi. Alikuwa ameshona gauni la kitenge la kuingilia majini, refu kupita magoti, kwa sababu baharini nako kuna watu. Alilikunja, akalirudisha kwenye sanduku, kisha akaketi juu ya sanduku. Hakulia, na mimi ningeona afadhali alie. Niliumia sana siku ile.

Mume wangu ilimbidi aende kwenye kituo cha kupimia akakiri. Wenzake yule muuguzi wakacheka mpaka wakashika kuta, wakampima kwa pua yake mwenyewe, ile ya udongo mwingi. Negatif, safi kabisa.

Nikamwambia mimi simwachi mama. Nilitegemea na yeye atasema hivyo hivyo. Akazunguka sebuleni, akasafisha koo, akanipa ujumbe wa kupeleka chumba cha pili, ambacho mlango wake ulikuwa wazi.

"Umuambie mama, mi ntaenda mbele. Ntakuwa eshantiyo yenu. Itakuwa sawa na kusema jamaa yote imefika."

"Umuambie safari njema," mama akajibu, kwa ile sauti ya mwalimu aliyeona jibu si sahihi akaamua kunyamaza.

Akaenda kweli. Sisi tukajifungia ndani, na hapo palikuwa na taabu nyingine. Mama alikuwa ameshaagwa kanisani, kwa nyimbo na maombi marefu ya kuishika ndege isianguke, kwa hiyo kwa watu wote sisi tulikuwa Unguja. Mama hakutaka aibu. Tukaishi nyumbani kwetu kama wezi, mapazia yamefungwa, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, taratibu ili mchi usisikike. Hata hivyo jirani akapaza sauti nyuma ya ukuta.

"Mama, kumbe kule Zanzibar nako banapika sombe na mawese? Harufu inafika mupaka huku!"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu majibu yaje. Picha nazo zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu: miguu ya mume wangu mchangani, mume wangu na sahani ya pweza. Mama alitazama ya kwanza akasema, "Funga."

Mume wangu akarudi ameiva kwa jua, mama akiwa ameshapona ugonjwa ambao hakuuona. Aliweka mezani chupa ya plastiki iliyoviringishwa taulo, akarudi nyuma hatua kadhaa kama inavyotakiwa.

"Umuambie mama, nimemuletea bahari."

Mama akaichukua chupa akaenda nayo mlangoni, akaiinua kwenye mwanga, vile vile wanunuzi wanavyoliinua jiwe. Chini ya maji kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Hilo vumbi tunalipangusa kila siku kwenye madirisha yetu. Baadaye mume wangu alinieleza kwamba chupa ya kweli alinyang'anywa uwanja wa ndege, na hii aliijaza bombani alipofika Kolwezi, akaongeza chumvi ya dukani. Lakini mama hakungoja maelezo. Alichovya kidole, akaonja, akafunga kizibo.

Kisha akageuka akamtazama mkwewe usoni. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kupokea ujumbe, nikaona sihitajiki.

"Tata," yaani baba, mama akamwambia, yeye mwenyewe, "eshantiyo nimeona. Sasa gunia iko wapi?"

Mume wangu akatazama viatu vyake, vilivyokuwa bado na mchanga mweupe kwenye kamba. Halafu akainua macho, akamjibu bila kunipitia mimi.

"Bado, mama."