Lori la Kijani la Tupokigwe

Kuna siku haijanitoka kichwani mpaka leo, wanangu. Nilikuwa msichana, hapa hapa Mpuguso, nimesuka mkeka wa mistari ya kijani, ukindu nimeuchemsha mwenyewe na rangi ya unga. Wanawake wakacheka, mkeka gani huu kama kinyonga. Nikaukunja, nikauficha nyuma ya jiko. Bibi yangu akaniuliza, "Umeuiba?" Nikasema hapana. "Basi unauficha wa nini?"

Shule sikusoma sana, lakini hilo nililishika.

Sasa masika haya kaja mjukuu wangu Tupokigwe, anayetengeneza malori ya kuchezea ya rimoti pale Tukuyu mjini. Lori kalifunga kwenye kanga, kalifukia kapuni chini ya ndizi. Anamficha baba yake. Huyo baba mtu nimemzaa mimi, ni mzee wa kanisa, na alikwisha kusema akimwona tena na kigari, meza yake ya kazi ataipasua kuni.

Mteja alitaka bampa na rimu nyeupe ziwe kijani cha majani ya chai. Binti kapuliza rangi ya kopo, lori likapita topeni mara moja tu, rangi ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

Nikamwambia, rangi ya kupaka hukaa juu, ya kuchemsha huingia ndani. Nikateleka sufuria yangu ya ukindu, nikatia maji na rangi ya unga. Tulianza na kipande kilichovunjika, maana plastiki nyingine hujikunja kwa moto, na nyeusi haishiki kitu. Kilipokubali tukatumbukiza vyote, moto mdogo, maji yasitokote. Haraka haraka haina baraka, hata kwa plastiki.

Baba yake akatukuta tunaviopoa. Akaanza: binti mzima, michezo ya watoto, watu watasema nini.

"Watasema," nikamjibu. "Wewe kaa ule ndizi. Na ile meza usiiguse nikiwa hai."

Tupokigwe aliitazama kanga, nilimwona. Lakini hakuishika kulifunika lori. Alifunga rimu moja moja, akaliendesha lori kwenye tope la migombani mbele ya macho ya baba yake, akalirudisha, akalimwagia kata ya maji. Kijani kile kile. Mwanangu akala ndizi zake. Hakusifu, wala sikumngoja asifu. Meza ipo, na binti anafanya kazi hapo, mlango wazi.

Basi ninyi mnaochekwa, nisikilizeni. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mkubwa akikukataza kazi, mheshimu, muulize sababu. Akikupa sababu ya kweli, kazi hiyo iache. Akikupa maneno ya watu tu, inama uendelee na kazi yako, hata kama mkubwa huyo ni mimi.

Kyala aliyewaumba awape mikono mitulivu na shingo ngumu kidogo. Ndaga, asanteni, wanangu.